Karatasi Haikutosha

Nilipopewa funguo nilikuwa na lari tisini
na godoro la kuazima kwa dada yangu Lamara.
Tbilisi, mlimani Sololaki, ghorofa ya tatu,
kuta zenye rangi ya chai iliyolala.
"Paka chokaa, yaishe," Lamara alisema.
Lakini mimi nimetoka kwenye nyumba iliyopakwa ikaisha,
miaka kumi na moja ya weupe wa zahanati.
Sitaki tena.

Jumamosi nikashuka Daraja Kavu,
pale watu wanapotandika mashuka chini
na kupanga juu yake walichobakiza:
medali, vijiko, kengele ya baiskeli,
meno ya dhahabu ya mtu asiyetafuna tena.
Kizuri chajiuza, walisema wahenga,
ila wahenga hawakumjua Guram,
anayekitembeza kibaya mpaka uone haya kukiacha.
Kioo chenye madoa, lari kumi na mbili.
"Huu ni ukungu?"
"Ni umri. Hata wewe utafika."
Tukacheka. Akapunguza mbili.

Viti vitatu; cha nne kilikokwenda hajui.
Taa ya shaba isiyo na waya.
Fremu isiyo na picha wala kioo, lari moja,
sijui niliinunulia nini,
mkono uliamua bila kuniuliza.
Na chini ya sanduku la sahani, zimefungwa kwa uzi wa katani,
roli tano za karatasi ya ukutani:
makomamanga mekundu juu ya kijani cha chupa,
kazi ya kiwanda kilichofungwa kabla sijazaliwa.
"Ni hizi tu," Guram alisema. "Zikiisha, zimeisha duniani."

Nikapima ukuta kwa hatua, nikapima kwa kamba,
nikapima kwa matumaini,
rula mbovu kuliko zote.

Kwanza kubandua.
Maji ya moto, kisu cha siagi, kucha.
Chini ya ile chai, maua ya zambarau.
Chini ya maua, mistari ya buluu.
Chini ya mistari, magazeti:
mavuno, matrekta, mtu akipeana mkono na mtu,
wote wanatabasamu miguu juu.
Chini ya magazeti, plasta,
na kwenye plasta, kando ya mlango,
vistari vya penseli vikipanda:
Zurab, minne. Zurab, mitano. Zurab, sita.
Kisha Zurab, saba, juu sana, ghafla.
Kisha basi.

Nilikaa sakafuni na kisu changu.
Basi ya namna gani?
Walihama? Homa? Au aliyeondoka
ni yule mwenye penseli?
Nyumba niliyoiacha haikuwa na kistari hata kimoja.
Tulikuwa tumeandaa ukuta.

Usiku nikapika gundi ya unga,
nikaikoroga kama uji wa mgonjwa,
nikaanza kubandika kutoka dirishani,
komamanga kwa komamanga,
nikifukuza mapovu kwa kanga ya mkono, yaani kitambaa cha sahani,
na alfajiri roli ya tano ikaniishia
hatua moja kabla ya mlango.
Upana wa mtoto.

Ndipo nikaikumbuka fremu.
Misumari miwili.

Zhuzhuna wa ghorofa ya chini
alikuja kulalamikia nyundo.
Akaingia na malapa yake, akakisema kioo,
akakijaribu kiti, kikalia, akakisamehe.
Alipofika mlangoni akanyamaza.
Akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye saba.
"Mwongo huyu," akasema.
"Hapa alisimama kwa ncha za vidole. Nilikuwepo.
Mama yake aliona, akaandika hivyo hivyo.
Juzi kanipigia kutoka Batumi:
ana kipara, ana wajukuu,
na bado mfupi."

Nikachemsha maji. Tulikunywa bila kusema sana,
mgongo wake kwenye makomamanga, wangu kwenye Zurab.
Akitoka aligeuka mara moja,
akanyoosha kidole juu, karibu na dari.
"Pale umepindisha," akasema.

Ni kweli, nimepindisha.